Google haitujui manake sisi wenyewe hatutajani

Ami yangu ana nyumba ya wageni huku Mkomani, mjini Lamu, vyumba vitano tu, ukipanda juu darini waona maji yote mpaka Manda. Kuna kijana alimjia akamwambia nitakutengenezea websaiti na nitaifanya iwe namba moja kwenye Google, nipe 35,000. Ami akalipa. Miezi minane imepita hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja kupitia hiyo websaiti, na si wageni tu, hata wewe ukiandika jina la nyumba lenyewe herufi kwa herufi huioni, zinakuja hoteli za Shela na mawakala wa ng'ambo. Ndio akaniita, akasema mwanangu hebu nitazamie, hawa Google wana nini na mimi?

Hawana kitu naye. Nimefungua nikakuta tatizo kwenye mipangilio ya WordPress, ile programu iliyojengea websaiti, mle ndani kuna kisanduku ukikitia tiki websaiti inaziambia mashine za kutafuta kama Google zisiiandike kwenye orodha yao. Mafundi hukitia tiki wakati wanajenga ili kazi isionekane ingali nusu, afu ukimaliza unakitoa. Yule kijana hakukitoa. Miezi minane mzima nyumba ya ami inamwambia kila anayepita usiniandike, na Google imetii. Wallahi niliumia, na si kwa sababu ya pesa peke yake, niliumia kwa sababu ami alikuwa ashaamini kuwa Google ni ya wenye hoteli kubwa, kwamba wao wanalipa ndio wako juu na sisi wa vyumba vitano tukae kimya. Na maneno haya nayasikia kila siku, kutoka forodhani mpaka Langoni.

Si kweli. Yale matangazo ya juu yaliyoandikwa kabisa kuwa ni matangazo, hayo ndiyo ya kulipiwa. Yale mengine Google wenyewe wamesema wazi hawapokei pesa ili roboti lao lipite kwako mara nyingi zaidi, wala ili wakupandishe. Kwa hivyo mtu akikuambia nilipe nikuweke namba moja, anakuuzia kitu ambacho si chake.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni hiki, ukibonyeza kutafuta Google haiondoki saa ile ile kwenda kuzunguka intaneti nzima. Ishazunguka kitambo. Ina roboti linaitwa Googlebot, kazi yake ni kuingia kwenye ukurasa, kusoma, na kila linki, yaani kiungo cha kubonyeza cha kwenda ukurasa mwengine, inayoikuta mle kuiweka kwenye foleni ili iifuate baadaye, ukurasa huu unaipeleka kwa ule, ndio maana watu wanaiita buibui. Ikisharudi na ilichosoma inaamua kama itakiweka kwenye faharasa, na si kila kilichosomwa huwekwa. Faharasa yenyewe ni kama ile ya nyuma ya kitabu, neno hili liko kurasa hizi. Google wanasema ya kwao ina kurasa mamia ya mabilioni na uzito wake umepita gigabaiti milioni 100. Ukiandika nyumba Lamu inafungua hiyo faharasa, inachukua kurasa zinazohusika, afu inazipanga ipi itangulie. Yaani kuna kupita, kuna kuandika, kuna kupanga. Ami alikuwa amekwama kwenye kuandikwa, na yule kijana alimuahidi kupanga.

(Na wale wanaojenga wenyewe, musichanganye hilo na faili la robots.txt. Lile ni faili dogo la maagizo kwa roboti, alilipendekeza fundi wa kompyuta Martijn Koster 1994, linazuia roboti lisiingie kusoma, lakini ukurasa unaweza bado kuonekana kwenye matokeo kama kuna linki inayouelekea kutoka kwengine. Kuzuia kusomwa na kuzuia kuandikwa ni vitu viwili mbali mbali, na nimeona watu wamefunga kimoja wakidhani wamefunga vyote.)

Tukaitoa ile tiki, tukajisajili Search Console, huduma ya Google ya kumuonyesha mwenye websaiti vile wanavyoiona, ambayo ni bure, tukawapelekea ramani ya websaiti, yaani orodha ya kurasa zake, tukangoja. Lakini nilivyokuwa natazama nikajiuliza, hata wakiiandika wataandika nini? Ukurasa wa mbele ulikuwa ni bango moja, bei, mahali, namba ya simu, vyote vimo ndani ya picha, maandishi hakuna. Picha za vyumba zinaitwa IMG na tarakimu. Mtu ana baraza ya kale na mlango wa kuchonga ambao wageni wanausimamia nusu saa kuupiga picha, na roboti limepita pale halikupata neno la kushika. Nimeketi na ami jioni mbili, yeye anasema mimi naandika, mlango umechongwa na nani, vidaka vya ukutani vilikuwa vya kuwekea nini, maji yanatoka wapi, punda anabeba mizigo kutoka gatini kwa shilingi ngapi. Kila picha nikaitilia maneno yake. Nikazipunguza uzito pia, manake Google siku hizi inasoma websaiti vile inavyoonekana kwenye simu, walilitangaza 2016 wakahamisha kidogo kidogo kwa miaka mpaka wakamaliza, na mgeni wetu yuko ndani ya boti na mtandao wa kubahatisha, hangoji picha ya megabaiti nane ifunguke.

Wiki ya tatu jina la nyumba likatoka. Ami alifurahi sana, mashallah. Lakini ukiandika nyumba ya wageni Lamu bado yuko chini huko, na hapa ndipo nataka kusema na watu wa Lamu hasa.

Larry Page na Sergey Brin walipoanza Google, 1998, wakiwa wanafunzi wa Stanford, jambo kubwa walilolileta ni kuhesabu linki kama ushahidi. Ukurasa ukikutaja kwa linki ni kama umekushuhudia, na ushahidi hauna uzito mmoja, ukurasa ambao wenyewe unatajwa na wengi ukikutaja una nguvu kuliko ule ambao haujulikani. Leo Google inatazama mambo mengi zaidi ya hilo, lakini linki bado zimo. Na jambo hili sisi twalijua tangu hapo, mgeni akishuka gatini akiuliza nyumba ya kulala, akielekezwa na nahodha mzee anayeheshimika ataifuata ile njia, akielekezwa na mtu asiyemjua atauliza tena mbele.

Sasa nimepita websaiti za nyumba za hapa, nimezisoma moja moja, hakuna hata moja niliyoikuta inamtaja mwengine. Mwenye nyumba hamtaji mwenye jahazi anayewapeleka wageni wake kwenye magofu ya Takwa kila wiki. Mwenye jahazi hamtaji mama anayewapikia wageni samaki wa kupaka. Mafundi wa jahazi wa Matondoni hawatajwi kabisa. Ukiuliza unaambiwa nikimtaja nitampelekea wateja wangu. Hivyo kila mtu amekaa kisiwani pake, roboti linaingia linakuta hakuna mlango wa kutokea, na wakala wa ng'ambo ambaye ametajana na kila mtu anakuwa mbele yetu sote kwa jina la mji wetu, afu anatuuzia wageni wetu kwa kamisheni. Hili ndilo linaloniudhi. Kwa mdomo tunaelekezana siku nzima, mtandaoni tumenyimana.

Sisemi watu wakanunue linki au wapange watu hamsini watajane ovyo, Google inazijua hizo, 2012 walileta badiliko walilolipa jina Penguin na websaiti nyingi zilizojipandisha kwa linki za kununua zikashuka. Nasema mtaje yule ambaye ungemtaja mgeni akikuuliza uso kwa uso. Basi.

Na muandike kwa Kiswahili pia. Kizungu na Kitaliano tumewaandikia wageni, sawa, lakini mtu wa Mombasa au Tanga anayekuja Maulidi mfungo sita anatafuta kwa lugha yake, anauliza boti ya mwisho kutoka Mokowe, gati ya bara, ni saa ngapi, anauliza basi likichelewa atalala wapi, anauliza nyumba ya familia yenye jiko. Hayo ni maswali tunayojibu gatini kila siku na nikiyatafuta mtandaoni sipati jibu la mtu wa hapa. Pale ambapo hakuna aliyeandika huhitaji kumshinda mtu, ukurasa mmoja wa kweli, wenye nauli na saa, unaokaguliwa kila mwezi, unatosha.

Ukurasa huo tushauandika kwa ami, wa boti za Mokowe. Chini yake tumewatia nahodha wawili na yule mama wa samaki, wameridhia. Jirani mwenye nyumba ya upande wa pili amekataa kutajwa, anasema ami ana lake jambo. Kesho baada ya alasiri nakwenda kumuona, nitakaa naye barazani nimfungulie ukurasa wenyewe ausome.