Kodi ya Miezi Sita: Hoja za Mwenye Nyumba na za Mpangaji wa Arusha

Anayetafuta chumba cha kupanga Arusha kwa mara ya kwanza huuliza bei ya mwezi, na mara nyingi hutajiwa bei isiyotisha. Kinachomshinda ni maelezo yanayofuata: kodi hulipwa kwa miezi sita, na kwingine kwa mwaka mzima, kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Tuchukue mfano wa chumba masta, yaani chenye choo na bafu ndani, cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mpangaji atahitaji 600,000 za mwenye nyumba na 100,000 za dalali, ambaye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja. Hizo ni 700,000, hajanunua godoro wala mtungi wa gesi. Mtumishi wa serikali wa kima cha chini, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, hafikishi kiasi hicho kwa mshahara wa mwezi mzima hata kabla ya makato, ingawa hizo 100,000 za kila mwezi angezimudu. Ndiyo maana naona kwamba mjadala wa nyumba za bei nafuu Arusha uanzie kwenye utaratibu wa malipo, kisha ndipo uje kwenye bei yenyewe.

Wenye nyumba wana hoja nzito. Nyumba nyingi za kupangisha za Kwa Mrombo, Muriet au Olasiti hazikujengwa kwa mkopo wa benki, kwa kuwa riba ya mikopo ya nyumba nchini, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 15 na 19, ni mzigo ambao mtu wa kipato cha kawaida haubebi. Zimejengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu na kupaua mwaka mwingine, kwa akiba, kiinua mgongo au fedha za kikoba. Kodi ya mkupuo ndiyo inayoweka vigae kwenye chumba cha tatu au kulipa ada za watoto mwezi Januari. Vilevile, mpangaji akiacha kulipa, kumtoa si kazi ya siku moja. Sheria haimruhusu mwenye nyumba kumtupia vyombo nje wala kung'oa mlango, na shauri likitoka kwa mwenyekiti wa mtaa likafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mdaiwa anaweza kuendelea kukaa bure kwa muda mrefu.

Wapo pia wapangaji wanaoupenda utaratibu huu, jambo ambalo wakosoaji wake hawalisemi. Mwongoza watalii au mpagazi wa Kilimanjaro hupata fedha nyingi kati ya Julai na Oktoba, kisha Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, anakaa nyumbani. Kwake yeye, kumaliza kodi ya miezi sita wakati mfuko umejaa ni usalama.

Hata hivyo, hoja ya hatari haifiki mbali. Hofu ya mpangaji kutoroka na deni inahalalisha amana ya mwezi mmoja au miwili, inayorudishwa akihama salama. Haielezi kwa nini mtu aliyeishi miaka mitatu bila kudaiwa hata senti aendelee kutakiwa miezi sita kwa mkupuo kila mkataba unapoisha. Hapo kinachotafutwa ni mtaji, na mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba fedha ambazo huenda yeye mwenyewe amezikopa kwa riba. Akishalipa, sauti yake inapungua. Bomba likikauka wiki mbili au choo kikiziba, hana cha kuzuia. Ikiwa vyumba vinne vinachangia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, huishia kubishana na jirani kuhusu pasi na friji. Hata kodi ya jengo inayotozwa na serikali, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, humwangukia anayenunua umeme, ilhali jengo ni la mwingine.

Je, sheria irudi kupanga bei? Tanzania iliwahi kuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano ya pande mbili. Siungi mkono kuirudisha, kwani bei ikibanwa, anayejenga kwa akiba yake atageuza vyumba kuwa fremu za maduka au malazi ya watalii. Kudhibiti namna ya kulipa ni jambo jingine, na limeshawahi kufanyika. Kanuni za mwaka 2025 zilizokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni zimegusa jiji hili moja kwa moja, hasa maeneo kama Njiro, ambako kodi za dola zilizoea kutajwa tangu enzi za mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyofungwa Desemba 2015.

Ushauri wa kuhamia pembezoni, ambao madalali huutoa haraka, upimwe kwa nauli za kifodi (basi dogo la abiria) kwenda na kurudi, pamoja na maji, kwa kuwa visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru vina floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Chumba cha 60,000 kikiongezewa gharama hizo kinaweza kukaribia bei ya kile cha 100,000 cha Sanawari, karibu na katikati ya jiji.

Kwa sasa, utaratibu ninaouona wa haki ni miezi mitatu kwa mpangaji mpya, amana ya mwezi mmoja iliyoandikwa kwenye mkataba, na malipo ya kila mwezi kwa aliyemaliza mwaka bila deni. Anayetaka kulipa sita kwa hiari yake apunguziwe bei. Majadiliano hayo yana nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa Aprili na Mei, chumba kinapokaa wazi na mwenye nyumba ndiye anayempigia dalali simu.