Wanafunzi wa uuguzi si wa kuzibia mapengo ya zamu

Juzi wodi yetu ya magonjwa ya moyo hapa Leeds, Uingereza, iliamka na upungufu wa wauguzi. Muuguzi mmoja alipiga simu kwamba anaumwa, na mtu wa kushika nafasi yake hakupatikana. Sista mkuu alisimama mbele ya ubao akagawa vitanda upya, kila mmoja wetu akaongezewa wagonjwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuwa amesimama palepale, mzima, ana nguvu zake, na hakupewa hata kitanda kimoja. Hakuna aliyesema "huyo mwanafunzi si yupo?" Nilifurahi, halafu hasira ikanipanda. Hasira hiyo haikuwa ya Leeds, na mliosoma uuguzi nyumbani Tanzania mnajua ilikuwa ya wapi.

Uingereza mwanafunzi wa uuguzi anatakiwa amalize saa 2,300 za vitendo, sawa na za nadharia, na akiwa kwenye vitendo hahesabiwi kama mfanyakazi. Ni mtu wa ziada. Wodi ikipungukiwa, pengo linabaki pengo. Tena tangu viwango vipya vya mwaka 2018, anayemsimamia kila siku na anayempima mwishoni ni watu wawili tofauti, kwa hiyo hapiti kwa kuonewa huruma wala hafelishwi kwa chuki ya mtu mmoja.

Acha nieleze inavyokuwa. Mgonjwa moyo wake umechoka, anatumia digoksini, dawa ya moyo, na furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo. Mwanafunzi ameshika dawa, mimi niko kando yake, sishiki kitu. Kabla hajatoa kidonge namuuliza kwa nini ameanza kwa kutazama majibu ya damu. Ananijibu kwamba furosemaidi inatoa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka, digoksini inaweza kumdhuru mgonjwa hata kwa dozi ileile ya jana. Anaweka stethoskopu kifuani, anahesabu dakika nzima, anapata mapigo 52, machache mno kwa digoksini. Anakiacha kidonge hicho, anaandika kwamba hakikutolewa na sababu yake, anaenda kumtafuta daktari. Imetuchukua karibu robo saa kwa mgonjwa mmoja. Ile robo saa ndiyo shule yenyewe.

Sasa msinielewe vibaya. Habari za potasiamu na digoksini nilizijua kabla sijapanda ndege. Walimu wetu wa famakolojia hawakuwa na mchezo, na aliyepita mikononi mwao hasahau. Nilichokosa ni mtu wa kusimama nami kitandani kwa mgonjwa. Kule nyumbani mnafika wodini asubuhi, sista anawapokea kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi: "Afadhali mmekuja!" Huyu presha zote, yule dripu, wewe tandika, wewe peleka sampuli maabara, na ukirudi pitia famasi. Mchana kitabu chako cha vitendo kinasainiwa ukurasa mzima kwa mkupuo, na anayesaini hakuona ukifanya hata kimoja. Mwaka wa nne ndio mbaya zaidi. Masomo yenyewe yamekuwa mazito, wagonjwa mahututi, uongozi wa wodi, utafiti, na ndipo unapoachiwa wodi usiku na mhudumu mmoja. Ukiuliza swali unajibiwa, "Wewe si unakaribia kuwa ofisa muuguzi?"

Hapa mwaka wa mwisho mwanafunzi naye anaongoza. Anapewa kundi la wagonjwa, anapanga kazi, anapokea na kukabidhi zamu, anazungumza na madaktari na ndugu wa mgonjwa. Lakini wagonjwa wale bado ni wangu kwenye karatasi. Akikwama, nipo.

Najua mtakaloandika. "Kaenda Ulaya juzi tu, leo anatufundisha kazi." Mwingine ataniletea mwacha asili ni mtumwa. Asili ipi niliyoiacha? Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania lilithibitisha usajili wangu ndipo Waingereza wakanifungulia mlango. Shahada yetu ni miaka minne na mwaka wa intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, juu yake. Hapa wengi wanamaliza kwa mitatu, tena kila mmoja katika tawi lake: wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili. Ukunga ni shahada nyingine kabisa. Muuguzi wa hapa mwenye uzoefu wa miaka anaweza kuwa hajawahi kuzalisha. Sisi tumekaa wodi ya wazazi usiku kucha, kiganja tumboni kuhesabu uchungu, fetoskopu ya kusikiliza moyo wa mtoto sikioni, tukichora patografu, ile chati ya mwenendo wa uchungu, kwa taa ya simu, na tukiona mstari umevuka tunajua nani wa kuamshwa. Nikiwaeleza wenzangu hapa wananikodolea macho. Najivunia hilo na sitaacha kujivunia.

Wala hapa si peponi. Mwanafunzi analipa ada inayozidi pauni 9,000 kwa mwaka, anafanya zamu za saa kumi na mbili bila mshahara, na wapo wanaolalamika kwamba wodi nyingine huwageuza wasaidizi wa kuogesha wagonjwa kutwa. Wanalalamika kwa haki, na wana kanuni ya kushika mkononi wanapolalamika. Mwanafunzi wa kwetu atashika nini? Akisema hajafundishwa, ana kiburi. Akisema anataka msimamizi, ni mvivu.

Halafu kuna hoja inayonichosha kuliko zote, kwamba kuachiwa wodi ndiko kulikotukomaza. Kulitukomaza sisi kwa gharama ya nani? Mama aliyetobolewa mkono mara nne na mwanafunzi anayejifunza peke yake kuweka kanula, mrija wa dripu, hakuulizwa kama anakubali kuwa darasa. Wengi wetu tulitoka hodari, ndiyo, kwa sababu tulijisomea usiku na tulikuwa na uchungu na wagonjwa. Sifa hiyo ni yetu wenyewe. Msiupe utaratibu ule.

"Dada, tatizo ni uhaba." Nimelisikia sana. Uhaba upo hata hapa, nimeuona juzi kwa macho yangu. Ila fikirini pamoja nami. Ratiba ya wodi ikijazwa majina ya wanafunzi, kwenye karatasi wodi inaonekana imetimia. Mkurugenzi akiulizwa, watu wapo. Wizara ikiulizwa, watu wapo. Na mtaani kuna maofisa wauguzi wamemaliza intani, wana leseni kabatini, kila tangazo la ajira wanaomba na hawaitwi, huku kazi yao ikifanywa bure na wadogo zao wa mwaka wa tatu. Likizo ya chuo ikifika, wodi inayumba, na ndipo mnapoona ilikuwa imesimama juu ya mabega ya nani.

Kwa hiyo anayeniambia nisubiri bajeti namwomba aanze na ratiba iliyobandikwa ukutani pale wodini kwake. Afute majina ya wanafunzi wote, zamu kwa zamu, ahesabu waliobaki na wagonjwa walio vitandani, kisha hesabu hiyo ndiyo aipeleke juu.