Maji Baridi ya Moto

Wenzangu wa rika langu hapa Kijitonyama kila mmoja ana ugonjwa wake. Kuna wa Simba, kuna wa Yanga, kuna mmoja anafuga njiwa na anawaita kwa majina. Mimi wangu ni sabuni za kunyolea. Saluni naenda kupunguza nywele za kichwa tu. Ndevu nanyoa mwenyewe nyumbani, kwa brashi, bakuli na ile mashine ya chuma ya wembe wa pande mbili, mtindo uleule ambao Gillette alianza kuuza kule Marekani mwaka 1903. Kijana wa saluni akinikaribia na mashine yake ya umeme na pamba ya spiriti, namwambia aishie masikioni.

Kabatini nina za kila aina. Ipo Arko, kijiti cha Kituruki, bei ya kawaida, harufu ya sabuni ya mche iliyokamuliwa ndimu. Mke wangu alishaichukua mara mbili akafulia kola za shati, na nilipolalamika akaniambia mbona zimetakata. Hiyo ni ya siku za kazi. Ipo Proraso, tyubu ya kijani, ya Waitaliano wa Florence walioanza biashara yao mwaka 1908, ina mikaratusi na mentholi. Najua mentholi haipoozi kitu, inaidanganya ngozi tu ijione imepoa. Lakini mwezi wa pili, saa nane mchana, umeme hakuna na feni imening'inia kama popo, mimi niko tayari kudanganywa.

Halafu kuna yenyewe. Taylor of Old Bond Street, wa London, wako kwenye kazi hiyo tangu 1854. Ya msandali. Inakaa kwenye bakuli la mbao lenye mfuniko wake, na ukifungua, harufu inakaribia sana liwa, chumba kizima kinanukia mwali wa siku ya saba. Niliipata kwa kijana mmoja baharia, mtoto wa rafiki yangu, aliyeniletea kwa mikono miwili akaniambia, "Baba, hii ni asante ya mapema." Alikuwa anataka kuoa, na mimi ndiye mshenga.

Huyohuyo baharia ndiye aliyewahi kuniletea brashi yangu ya kwanza. Mke wangu akauliza swali moja tu: manyoya ya nini? Brashi nyingi za zamani ni za manyoya ya nguruwe, hilo nilikuwa nalijua, nikajaribu kukohoa. Brashi ilirudi melini siku hiyohiyo. Sasa natumia ya nyuzi za kiwandani, na ndani ya nyumba tuna amani.

Basi ikafika Jumamosi ya kupeleka barua ya posa Mtoni Kijichi. Tulitakiwa kufika saa nne asubuhi. Upande wa bibi harusi walikuwa wamepewa maelezo yangu kwa simu: mshenga ni mtu mzima, ana kanzu nyeupe na masharubu makubwa, hamtamkosa. Masharubu yangu wakati huo yalikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kazi ya asubuhi ile ilikuwa kunyoa mashavu na kidevu tu, ili yenyewe yakae peke yake kama kochi sebuleni.

Hapa lazima niseme habari ya maji. Dar tuna maji ya aina mbili. Maji ya bomba, ambayo huja yanapojisikia, tunayaita maji baridi. Maji ya kisima, ambayo yapo siku zote na ndiyo yanayojaza tangi letu la lita 1,000, ni maji chumvi. Maji baridi hata yakitokota jikoni yanabaki kuwa maji baridi. Mtu wa Pwani hana haja ya kuelezwa. Mimi sabuni ya Taylor siipi maji chumvi, naiwekea ndoo yake yenye mfuniko.

Sasa, wiki mbili kabla, mdogo wangu anayefundisha Njombe alikuwa ametuletea mwanawe aje likizo. Mtoto wa darasa la sita, msikivu, ana adabu ya kupitiliza. Kwao Njombe maji yote ni matamu na yote ni ya baridi, mwezi wa saba unaweza kudhani yanauma.

Saa mbili kasoro nikamwita. "Baba, nichemshie maji baridi. Haraka."

Akasimama. "Baba Mkubwa, nichemshe, au nilete ya baridi?"

"Baridi. Uyachemshe."

"Yakichemka si yatakuwa ya moto?"

"Ndiyo. Nataka maji baridi ya moto. Nenda!"

Akaondoka anasema "ndiyo, Baba Mkubwa" kwa sauti ya mtu anayebeba mzigo asioujua. Nikasikia bomba la tangi likifunguliwa. Baadaye nikasikia mlango wa friji. Ningetumia akili nilizopewa ningeuliza friji inahusika vipi, lakini nilikuwa napiga pasi kanzu. Mtoto alikuwa amefikiri kadiri ya uwezo wake: akachemsha maji ya tangi yawe ya moto, akachanganya na ya friji yawe baridi. Akaniletea jagi la vuguvugu, amelishika kwa taulo, anatabasamu.

Nikaloweka brashi, nikafungua bakuli la mbao, nikaanza kuzungusha. Kwa kawaida zungusha mara thelathini unapata uji mzito unaong'aa. Mara hii sikupata kitu. Nikazungusha mara sitini. Ndani ya bakuli kukatokea vipande vyeupe vilivyogawanyika, kama machicha ya nazi iliyokamuliwa tui la tatu, na pembeni utando wa kijivu ukaganda. Nikaongeza maji. Machicha yakazidi. Nikaongeza sabuni, nikaisugua brashi juu yake kama mtu anayekwangua ukoko, dakika tano, kumi, mpaka brashi ikawa nzito mkononi. Nikaanza kumdhania baharia wa watu vibaya, kwamba bakuli ni la London lakini kilichomo ndani kimetoka uchochoro wa Kariakoo.

Nikajipaka hivyohivyo. Nikafanana na ukuta uliopigwa chokaa na fundi anayedai. Tone moja likanidondokea mdomoni.

Chumvi.

"Nani kaniletea maji chumvi?" Sauti ilifika barabarani. Mke wangu akaja na birika, alikuwa amechemsha maji baridi ya chai. Akaangalia uso, akaangalia bakuli, hakusema neno. Akamimina.

Jamani. Ile sabuni niliyoibebesha brashi dakika kumi ilikuwa bado imo mlemle, inasubiri. Ilipopata maji ya haki ikaamka yote kwa pamoja. Povu likafura kwenye bakuli, likamwagika kwenye sinki, likanifuata mkononi hadi kwenye kiwiko. Nilipozungusha brashi usoni lilipanda likafunika mashavu, pua, likakutana na nyusi. Povu lenyewe, niseme ukweli, lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kupata: zito kama maziwa mgando, linasimama lenyewe. Kwenye kioo nilikuwa nimebaki macho mawili.

Umeme ukakatika.

Bafu letu lina kidirisha cha ukubwa wa daftari, na siku hiyo kulikuwa na shuka za jirani mbele yake. Nje Noah ikaanza kupiga honi, wazee wameshapanda. Saa tatu na robo. Kutoka Kijitonyama mpaka Kijichi Jumamosi, mtu mwenye akili angekuwa ameshafika Keko. Nikasema miaka yote hii nanyoa, mkono unaijua njia. Shavu la kulia, safi. Kidevu, safi. Shavu la kushoto, na hapohapo povu likaniingia jichoni, nikafumba, mkono ukaendelea na safari.

Watu wanaosifia sabuni nzuri husema wembe unateleza hadi husikii kitu. Wanasema kweli kabisa. Sikusikia kitu. Hakuna kuvuta, hakuna kukwaruza, hakuna hata ule mlio wa wembe ukikata. Sabuni mbovu ingenipa onyo, ningeshtuka nywele ikivutwa. Hii ya London ilinihudumia kimya kimya mpaka upande wa kushoto wa masharubu ukaondoka na povu, ukaingia kwenye sinki, ukazama na miaka yake kumi na tisa.

Nikajifuta. Nikapapasa. Upande mmoja kochi, upande wa pili sakafu.

Mke wangu alipokuja na tochi ya simu aliimulika mara moja, akaizima. Akakaa chini pale mlangoni, khanga mdomoni, mabega yanatikisika. Mimi nikauliza kama naweza kuvaa barakoa. Hakuweza kujibu. Ilibidi nimalizie na upande wa kulia kwa mkono wangu, kwa povu lilelile. Nilipotoka, mtoto wa Njombe akanitazama kwa muda, akasema kwa upole, "Shikamoo Baba Mkubwa. Umefanana na baba."

Kwenye Noah wazee hawakuniuliza chochote mpaka Magomeni. Hapo mmoja akasema, "Mshenga mwenyewe yuko wapi?" Wakadhani mshenga kamtuma mdogo wake.

Tulifika saa tano na dakika ishirini. Faini ya kuchelewa tukalipa mlangoni, shilingi elfu thelathini, hilo tulilitarajia. Ambalo hatukulitarajia ni baba mdogo wa binti kusimama kizingitini na kutuhesabu mmoja mmoja. "Karibuni sana wageni wetu. Ila tuliambiwa kuna mtu mwenye masharubu. Huyo tunamsubiri, au amebaki kwenye gari?"

Nikasema ni mimi.

Akanisogelea. Ngozi ya juu ya mdomo wangu ilikuwa haijaona jua tangu mtoto wangu wa kwanza anazaliwa. Ilikuwa imepauka, utadhani nimeazimwa mdomo. Akamgeukia mwenzake. "Anasema ni yeye."

"Ana kitambulisho?"

Nikatoa kitambulisho cha taifa. Picha ya kwenye kitambulisho ilikuwa na masharubu kuliko mtu. Kikazunguka chumba kizima, kikaenda mpaka kwa kina mama uani, kikarudi na vicheko. Nilipopita kwenda kukaa mkekani, shangazi mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. "Mh! Liwa! Jamani, huyu mshenga kaja kuposa au katoka kusingwa?" Vigelegele vikapigwa vya mwali. Kwa ajili yangu.

Ikawa faini ya pili, elfu ishirini, kwa kosa la kuleta mtu tofauti na aliyetajwa.

Nikaona liwe liwalo, nikawasimulia. Machicha, birika, umeme, yote. Walicheka mpaka barua ikasahaulika kwenye sinia. Mmoja tu ndiye hakucheka, mjomba wa binti, mzee mkavu aliyekaa pembeni na kofia ya kiua. Kumbe alikuwa dobi miaka arobaini, Ilala na Kariakoo, kabla ya kustaafu. Alinisikiliza kama daktari.

"Kosa lako si mtoto," akasema. "Maji chumvi yanakula sabuni kwanza. Yakishiba, ndiyo masazo yanakupa povu. Wewe ukawa unayalisha tu." Akanieleza, na baadaye nikasoma nikakuta ndivyo hasa ilivyo: madini ya chokaa na magnesi yaliyomo kwenye maji ya visima hivi yanaikamata sabuni, yanaigeuza yale machicha, na hakuna povu mpaka madini yote yapate fungu lao. Zamani, akasema, kwenye udobi wao walikuwa wakitega maji ya mvua kwa ajili ya mashati ya wakubwa, na ya kisima yanabaki ya kusuuzia miguu.

Kisha akaniomba mkono. Akaunusa, upande wa nyuma, taratibu.

"Ya msandali?"

"Ya msandali, mzee."

"Ngumu, au ya tyubu?"

"Ngumu. Ina bakuli la mbao."

Akaniachia mkono, hakusema tena. Barua ikapokelewa, tukala pilau, tukarudi.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, kwa mwandiko mzuri wa wino wa bluu. Posa imekubaliwa. Nikawasomea wazee barazani kwangu: mahari ya binti mwenyewe, mkaja wa mama, kilemba cha baba, kitenge cha bibi, vyote vya kawaida, tunatikisa vichwa. Chini kabisa, mstari wa mwisho, kulikuwa na nyongeza ya mkono mwingine, wa kutetemeka kidogo. Hapo sauti yangu ikakwama, ikabidi baharia anipokonye karatasi amalizie mwenyewe:

"Mjomba: sabuni ya mshenga, ile ya bakuli la mbao. Kama imebaki nusu, iletwe hivyohivyo. Mshenga naye aliletwa pungufu, na tulimpokea."