Kulipa au kutolipa: ufunguo ni kitu kimoja, ukimya ni kingine

Mei 14, 2021, wafanyakazi wa hospitali za umma nchini Ireland walifika kazini wakakuta mifumo ya kompyuta imezimwa. Genge liitwalo Conti lilikuwa limefunga mafaili ya HSE, taasisi inayoendesha huduma za afya za nchi nzima, na likadai dola milioni 20. Serikali ilikataa kutoa hata senti. Wauguzi wakarudi kwenye kalamu na karatasi, na kliniki nyingi zikaahirishwa. Siku sita baadaye genge lenyewe likaachia bure ufunguo, yaani zana ya kuyafungulia mafaili hayo. Hata hivyo, kazi ya kufungua seva zote, yaani kompyuta kuu zinazotunza data, ilikamilika Septemba 21, zaidi ya miezi minne baada ya shambulio.

Wanaopinga kulipa hukitaja kisa hiki kama ushindi, lakini hawasemi sana habari za wagonjwa waliosubiri. Wanaotetea kulipa husema fedha hurudisha kazi haraka, lakini hapa ufunguo ulipatikana bila fedha na bado nchi tajiri, yenye wataalamu wa kutosha, ilihangaika miezi minne. Kwa hiyo swali la kulipa au kutolipa halijibiwi kwa neno moja.

Programu zinazotumika kwenye mashambulio ya aina hii, yaani ransomwea, huingia kwenye mtandao wa ofisi na kuyafunga mafaili kwa usimbaji, yaani kuyavuruga yasisomeke, ambao kwa kawaida hauvunjiki bila ufunguo, kisha huacha ujumbe wa kudai kikombozi, mara nyingi kwa sarafu ya kidijitali ya bitcoin. Magenge ya siku hizi hayafungi tu. Huiba data kwanza, ili mwenye bakapu nzuri, yaani nakala ya akiba ya data, naye apate kitisho chake: usipolipa, tunamwaga kila kitu hadharani.

Hoja ya kutolipa ina nguvu, na nguvu yake iko kwenye hesabu. Kampuni ya Chainalysis, inayofuatilia mienendo ya sarafu za kidijitali, ilikadiria kwamba mwaka 2023 magenge haya yalikusanya zaidi ya dola bilioni 1. Fedha hizo ndizo zinazonunua zana mpya na kuajiri vijana wapya, kwa hiyo anayelipa leo anagharamia shambulio la mwenzake kesho. Mwaka 2024 makadirio yalishuka hadi dola milioni 813 hivi, na sababu mojawapo ni kwamba walioshambuliwa wengi zaidi walikataa.

Isitoshe, muuzaji mwenyewe hana dhamana. Februari 2024 kundi la ALPHV liliishambulia Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha malipo ya hospitali na maduka ya dawa. Wamiliki wake, UnitedHealth, walilipa dola milioni 22. Viongozi wa kundi wakatoroka na fedha bila kumgawia mwenzao aliyefanya uvamizi, na haikupita muda data zilezile zikaibuka mikononi mwa kundi jingine likidai malipo mapya. Mwezi huohuo polisi wa Uingereza na washirika wao waliziteka seva za genge la LockBit, wakakuta humo data za watu waliokwisha kulipa ili zifutwe. Hazikuwa zimefutwa.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Mei 2019 jiji la Baltimore lilidaiwa bitcoin 13, wakati ule kama dola 76,000. Jiji likakataa, na gharama ya kurekebisha mifumo pamoja na mapato yaliyopotea ikakadiriwa kuwa dola milioni 18. Mkurugenzi wa kampuni ndogo yenye wafanyakazi thelathini, asiye na bakapu, akisoma hesabu hiyo ataona kukataa ni anasa ya wenye hazina nyuma yao. Kwa hospitali jambo ni zito zaidi, maana faili lililofungwa huenda ndilo lenye majibu ya damu ya mtu aliye mezani kwa daktari wa upasuaji. Halafu kuna hofu kwamba ukipiga marufuku malipo, watu watalipa kwa siri, polisi wasipate habari na genge likabaki salama kuliko zamani.

Hofu hiyo naiona ya kweli. Mei 2021 kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani ililipa bitcoin 75, takriban dola milioni 4.4. Zana ya kufungulia iliyopewa ilikuwa ya polepole mno, hata ikabidi itegemee bakapu zake yenyewe. Lakini kwa kuwa ilitoa taarifa mapema, wapelelezi walizifuatilia sarafu hizo na mwezi uliofuata wakakamata bitcoin 63.7. Ingelipa kwa kificho isingerudishiwa kitu.

Msimamo wangu unaanzia hapa: aliyevamiwa huwa anauziwa vitu viwili, na tunakosea kuvijadili kama kimoja. Cha kwanza ni ufunguo. Huo unajaribika. Genge hutumiwa faili moja au mawili, likiyafungua unajua unachonunua kipo, hata kama kazi itakuwa ndefu. Cha pili ni ukimya, ahadi kwamba data zilizoibwa zimefutwa. Hicho hakijaribiki kamwe, na ushahidi wa LockBit na Change Healthcare unaonyesha hakipo. Kulipia ukimya kungepigwa marufuku kabisa, kwa taasisi ya umma na ya binafsi, na wala sioni nani angeumia. Kulipia ufunguo, hasa pale uhai wa watu unapohusika, ningeruhusu kuwe jambo la mwisho kabisa, linalotolewa taarifa kwa mamlaka kabla fedha haijatumwa. Australia tangu Mei 30, 2025 inazitaka kampuni zenye mapato ya zaidi ya dola milioni 3 za nchi hiyo kwa mwaka kuripoti malipo kama hayo ndani ya saa 72. Huo ni mwanzo mzuri kuliko marufuku ya jumla.

Sisi wa pwani hii ya Afrika Mashariki tumewahi kuuishi mjadala wa kikombozi. Februari 2009 meli ya Faina ilitia nanga Mombasa ikiwa na vifaru 33 vya kivita, baada ya maharamia wa Kisomali kulipwa dola milioni 3.2. Watu walijadili sana wakati ule kama wenye meli wazuiwe kulipa. Uharamia ulipokuja kupungua, haukuzimwa na sheria ya malipo. Ulizimwa na manowari za doria, walinzi wenye silaha na nyaya za miba kwenye kingo za meli, yaani kwa kufanya kazi ya kupanda melini iwe ngumu.

Ireland ilikuwa na nafasi ya kuifanya kazi hiyo iwe ngumu. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi waliingia Machi 18, mfanyakazi mmoja alipofungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Walikaa ndani wiki nane. Machi 31 antivirus, yaani programu ya kukamata virusi, iliziona zana zao kwenye kompyuta ileile, lakini ilikuwa imepangwa kutazama tu, si kuzuia. Siku moja kabla ya balaa, mtoa huduma ya usalama aliandika barua pepe kwamba kuna vitisho visivyoshughulikiwa kwenye seva kadhaa. Agizo lililotolewa lilikuwa seva ziwashwe upya. Wizara ya Afya ya nchi hiyohiyo, iliyovamiwa kipindi hicho, iligutuka mapema na kuzuia sehemu kubwa ya madhara.

Kwa hiyo dalili zipo kabla ya ule ujumbe mwekundu wa kudai kikombozi. Antivirus imezimwa na hakuna aliyeizima. Akaunti mpya yenye mamlaka ya msimamizi imetokea. Mtu ameingia kwenye seva saa nane usiku. AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, iko kwenye kompyuta ya mhasibu na fundi wa aiti hajaiweka. Mafaili yameanza kubadilika majina. Ukiona hivyo, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, lakini kompyuta yenyewe iache ikiwaka kwa ajili ya wachunguzi. Mafaili yaliyofungwa usiyafute. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na Europol, shirika la polisi la Ulaya, na wenzake, unatoa bure zana za kufungulia baadhi ya aina za ransomwea.

Windows ya kukreki, yaani isiyo na leseni, iliyojaa ofisini kwetu, ni mlango wazi, kwa sababu wengi huizimia masasisho. Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, cha kuzuia ransomwea ya WannaCry Machi 2017, miezi miwili kabla kirusi hicho hakijavamia nchi zipatazo 150. Change Healthcare waliingiliwa kupitia akaunti isiyokuwa na uthibitisho wa hatua mbili, kinga ambayo wengi wetu tunayo kwenye WhatsApp. Na bakapu iliyounganishwa na seva muda wote si bakapu: Juni 2024 wavamizi wa maabara ya taifa ya Afrika Kusini, NHLS, walifuta hata seva ya bakapu, na madaktari wakakosa majibu ya vipimo kwa wiki kadhaa. Nakala moja ikae nje ya mtandao, na mara kwa mara mtu ajaribu kurejesha data kutoka humo, aone inachukua saa ngapi.

Huku kwetu tatizo lipo tayari. Naivas, maduka makubwa ya Kenya, yalikiri mwaka 2023 kwamba yameshambuliwa na data zikaibwa. Kukiri hadharani kule kunastahili heshima. Sheria ya Kenya ya 2019 inataka uvujaji wa data binafsi uripotiwe ndani ya saa 72, na Tanzania ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotokana na sheria ya 2022. Anayeripoti kwa wakati apunguziwe adhabu, na anayeficha azidishiwe. Kabla ya kuzikataza hospitali za wilaya kulipa, serikali izipe kwanza diski za bakapu na mtu wa kuzisimamia. Marufuku isiyo na bajeti hiyo itamwangukia mgonjwa, ambaye hakufungua barua pepe yoyote.