Mpiga picha wa mtaani hazaliwi siku ya maandamano

Tangu Juni 2024, karibu kila kijana wa Nairobi mwenye simu ya maana amekuwa mpiga picha. Mimi nafurahia hilo, na sitamsikiliza mtu anayewakejeli eti hawakusomea kazi. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu mwaka 1984, alianza utotoni Dar es Salaam na kamera ndogo ya Box Brownie. Kinachonikera ni kwamba wengi wetu huitoa kamera siku ya vitoa machozi tu, kisha kesho yake tunairudisha kabatini. Kazi hii inataka mtu wa kila wiki.

Kwanza nieleze kwa nini naiona ni kazi nzito. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa kote nchini. Ni nani aliyefyatua risasi pale nje ya bunge? Miezi ilipita familia zikiuliza. Kisha Aprili 2025 BBC Africa Eye ikatoa uchunguzi uliopitia picha na video zaidi ya 5,000. Walizipanga dakika kwa dakika kwa kutumia saa iliyohifadhiwa ndani ya faili, muda wa matangazo ya moja kwa moja, na hata saa za hadharani zilizoonekana kwenye picha. Kwa njia hiyo wakasema wamewatambua maafisa wa usalama waliowapiga risasi watu wasio na silaha.

Hebu fikiria moja ya hizo saa za hadharani. Mtu aliinua simu apige watu wanaokimbia, na nyuma yao, juu pembeni, saa ikaingia kwenye fremu. Hakuitafuta. Lau angeikata ile pembe ili picha ivutie Instagram, saa ingepotea na ushahidi ungepotea nayo. Ndiyo maana nawasihi vijana: hariri nakala, usiguse ile halisi. Iache na makorokoro yake yote, na bango la duka, na namba ya matatu, na kivuli cha nguzo barabarani.

Tena usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida ukadhani umeihifadhi. WhatsApp huibana picha na kuzifuta zile taarifa za ndani, saa na mahali vikaondoka. Mitandao mingine mikubwa nayo huzifuta inapochapisha. Anayepokea anabaki na kitu kisichoweza kuthibitisha lolote. Ukilazimika kuitumia WhatsApp, itume kama dokumenti, ndipo faili ifike nzima. Halafu weka nakala nyingine mbali na simu yako, kwa maana simu hunyakuliwa, huvunjwa, huzama kwenye mtaro.

Maelezo ya picha ndiyo tunayoyapuuza kuliko yote. Naona albamu nzima ya maandamano chini yake pameandikwa bendera, ngumi na hashitegi. Barabara gani? Saa ngapi? Tulikuwa tunatazama upande gani? Andika hivi: Moi Avenue, mbele ya duka lililofungwa milango ya chuma, saa nane na robo mchana, polisi wakitokea upande wa Kencom. Ukikuta ganda la risasi au kopo la kitoa machozi, usiliokote. Lipige kwa mbali uonyeshe limelala wapi, kisha sogea ulipige kwa karibu, kando yake kiatu chako ili ukubwa wake ujulikane, na yale maandishi ya ubavuni yasomeke. Ni kazi ya nusu dakika, na wakili atakushukuru miaka mitatu baadaye.

Sasa nirudi kwenye neno langu, kwamba kazi hii inataka mtu wa kila wiki. Aprili na Mei 2024, kabla hata ya vijana kuingia bungeni, Nairobi ilikuwa majini. Mto Mathare ulivunja kingo, watu wakafa, nyumba zikasombwa. Baada ya mafuriko serikali ikaagiza wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakafuata. Wengi walioandamana Juni walikuwa wameona majirani zao wakilala nje Mei. Ukitaka kueleza Juni kwa picha, lazima uwe na picha za Mei: godoro lililoanikwa juu ya bati, sufuria zilizopangwa kando ya barabara, mama ameshika kitambulisho chake na barua ya shule ya mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Magazeti yalipita hapo siku moja mbili yakaondoka. Aliyeweza kubaki ni mkazi.

Na mkazi huyohuyo ndiye anayefaa kuwepo kwenye baraza la chifu, kwenye kikao cha wananchi cha kujadili bajeti ya kaunti, kwenye harambee ya matibabu, kwenye fainali ya kombe la mtaa uwanjani palipojaa vumbi. Vikao vya bajeti hasa. Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe, lakini nenda ukaone: viti vingi vitupu, na watu wachache waliokuja wanapewa kalamu watie sahihi karatasi ya mahudhurio. Picha ya ukumbi ule, yenye tarehe, ina uzito siku kiongozi atakaposimama na kusema wananchi walikubali.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye picha yenyewe. Akina mama wa soko wakikuzoea kwa sababu uliwapiga picha kwenye kikao cha maji, ukawapelekea nakala zilizochapishwa, siku ya vurugu watakufungulia mlango wa kibanda ujifiche. Watakwambia nani ameumia na amepelekwa zahanati gani. Mgeni mwenye lenzi ndefu hawezi kununua hilo. Mpiga picha za habari Boniface Mwangi alilielewa mapema: baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, maonyesho ya Picha Mtaani yalizitoa picha kwenye magazeti yakazirudisha barabarani, mji kwa mji, mbele ya watu walewale waliokumbwa na ghasia hizo. Nadhani hilo ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo upigaji picha umeifanyia Kenya.

Jambo la sura za watu linanikosesha usingizi. Kufikia mwisho wa Desemba 2024 tume ileile ya haki ilikuwa imeorodhesha watu 82 waliotekwa nyara tangu Juni. Katika nchi ya namna hiyo, kumchapisha msichana wa miaka kumi na tisa uso wazi, akirusha ngumi, jina la chuo chake likisomeka kwenye fulana, ni kumweka hatarini kwa ajili ya laiki. Piga, hifadhi, lakini kabla ya kuchapisha ficha uso, na usitumie ukungu hafifu, funika kabisa. Ama mpige kwa nyuma. Mikono na mabango husema mengi. Majeruhi na maiti usizichapishe kabla familia haijaambiwa, hata kama wengine wameshafanya hivyo.

Polisi aliye kazini ni habari nyingine. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Anayetumia bunduki ya umma mbele ya umma hana faragha ya kudai. Mnamo 17 Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi na polisi kichwani kwa karibu katikati ya Nairobi, mchana, kamera zikiwaka. Alifariki siku kadhaa baadaye. Kwa sababu ya video hiyo hakuna aliyeweza kusema tukio hilo halikutokea.

Wiki moja baadaye, 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo visirushe maandamano moja kwa moja, na NTV, KTN na K24 zikazimwa hewani kabla Mahakama Kuu haijasimamisha agizo hilo. Kwa saa hizo nchi ilitazama kupitia simu za watu wa kawaida. Kifungu cha 33 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari; hakijataja kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari. Hata hivyo kadi yenyewe si ngao: mwandishi wa Kameme TV alipigwa risasi za mpira Nakuru Julai 2024. Kwa hiyo nendeni wawili wawili, na mmoja nyumbani ajue mko wapi.

Na nyinyi wahariri. Mnachukua video ya kijana wa Kondele, Kisumu, mnaiweka kwenye taarifa ya saa moja, chini mnaandika "Picha: Kwa Hisani". Kwa hisani ya nani? Ana jina, na sheria ya hakimiliki inasema kazi ni yake. Mtafuteni, mwulizeni kama anataka jina lake litajwe au afichwe kwa usalama wake, mwombeni faili halisi, kisha mlipeni kwa M-Pesa kabla ya taarifa ya saa tatu.