Kuita fanksheni ya faili jingine katika C: heda, au kubandika faili zima?

Fanksheni `wastani()` imeandikwa kwenye `hesabu.c`, nawe unaihitaji ndani ya `kuu.c`. Wapo wanaoandika `#include "hesabu.c"` na kuendelea na kazi. Wengine hutengeneza heda, yaani faili dogo la matamko, `hesabu.h`, kisha hukompaili kila faili peke yake.

Hao wa kwanza wasidharauliwe. Amri moja inawatosha, na kompaila, kwa kuwa inaona kodi yote pamoja, hupata nafasi zaidi ya kuiboresha. SQLite, maktaba ya hifadhidata, husambazwa hivyo: mafaili zaidi ya 100 huunganishwa kuwa `sqlite3.c` moja, na watengenezaji wake wanasema kasi huongezeka kwa asilimia 5 hadi 10. Ila wao huandika kodi kwenye mafaili tofauti. Anayeunganisha ni skripti. Ukibandika kwa mkono, siku faili la tatu linalokompailiwa peke yake nalo likibandika `hesabu.c`, utaletewa kosa la `multiple definition`, yaani fanksheni moja imeandikwa mara mbili. Hata `static`, inayoifungia fanksheni ndani ya faili lake, haikulindi tena, maana fanksheni mbili za ndani zenye jina moja sasa zimo katika maandishi mamoja na lazima zigongane.

Kwa njia ya pili, heda hubeba tamko tu, yaani jina la fanksheni na aina zake bila mwili:

```
#ifndef HESABU_H
#define HESABU_H
double wastani(double a, double b);
#endif
```

Kisha:

```
gcc -Wall -c kuu.c
gcc -Wall -c hesabu.c
gcc kuu.o hesabu.o -o programu
```

Wengi hukwama kwenye amri ya mwisho. Wakisahau `hesabu.o` hupata `undefined reference`, nao hushinda wakiikagua heda ambayo haina kosa lolote. Mwili wa fanksheni haumo ndani ya heda, umo ndani ya `hesabu.o`.

Kosa hilo angalau hukusimamisha. La kuogopwa ni lile linalopita kimya. Linka ya C, inayounganisha mafaili ya `.o`, hulinganisha majina tu, haijui aina za vigezo. Tuseme `kuu.c` ina tamko lililoandikwa kwa mkono, `double wastani(int, int);`, huku mwili ukipokea `double`. Programu itaungana bila onyo, kisha itoe jibu la ovyo. Kukosa tamko kabisa kulikuwa na hatari kama hiyo: C ya 1989 ilichukulia kwamba fanksheni isiyotamkwa hurudisha `int`. Kiwango cha 1999 kiliifuta kanuni hiyo, lakini kompaila ya GCC iliendelea kutoa onyo tu hadi toleo la 14, mwaka 2024, lilipolifanya kuwa kosa.

Kwa hiyo naipendelea heda, kwa sharti moja: `hesabu.c` yenyewe nayo iandike `#include "hesabu.h"`. Hapo ndipo kompaila huweza kulinganisha tamko na mwili. Ukisahau, `-Wmissing-prototypes` itakukumbusha.

Gharama yake ipo. Ukibadilisha heda, kila faili linaloitumia lazima likompailiwe upya. Makefile (faili la kanuni za programu ya `make`, inayokompaili upya yaliyobadilika) isiyoitaja `hesabu.h` itaiacha `kuu.o` ya zamani mahali pake, na lile kosa la kimya litarudi kwa mlango mwingine. Ongeza `-MMD` unapokompaili ili GCC iandike orodha ya heda kwenye mafaili ya `.d`, kisha weka `-include kuu.d hesabu.d` ndani ya Makefile. Na kama ni kasi unayoitafuta, `-O2 -flto`, inayoiboresha kodi wakati wa kuunganisha, katika amri zote tatu hurudisha sehemu kubwa ya faida ya kubandika.