Bomba Halikulipuka, Lilichomoka

Kwanza tuwekane sawa. Ile video mliyotumiwa ni ya kweli, ila maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya uongo. Gari halikulipuka. Halikuungua. Injini "haikutapika", na mpaka sasa sijui injini hutapika vipi. Bomba la hewa lilichomoka, basi. Jamaa aliyerekodi alikuwa amekaa kiti cha mbele pembeni yangu, anakula kiyoyozi changu, na badala ya kushuka kusukuma akaona kwanza awapashe ninyi habari. Nasimulia mwenyewe kwa sababu hadithi inazidi kunenepa kila ikipita mkono. Nimeshaulizwa na mtu wa heshima zake kama zimamoto waliwahi.

Wengi wenu mnakijua kiherehere changu na hili gari. Sedani ya silinda 4, lita 1.5, gia otomatiki, gari la kwenda kazini na kurudi. Halina turbo na halina ugomvi na mtu. Mwenye ugomvi nilikuwa mimi, baada ya kukesha nikitazama watu wanaofungua boneti na kuonyesha bomba linalong'aa lenye filta ya koni mwishoni, halafu wakikanyaga mafuta gari linaguna kutoka tumboni. Nikasema na langu lazima ligune.

Jamaa anasema nilikurupuka. Jamaa hajui hata stiki ya kupimia oili ya gari lake ilipo. Mimi nilisoma. Najua sensa ya hewa, ile ya MAF, ina kiwaya kinachopashwa moto: hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudishia joto lake ndio unaoiambia kompyuta hewa ni kiasi gani. Kompyuta nayo inapima petroli ya kuendana nayo, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Na hesabu yote hiyo imepigwa kwa kipenyo cha bomba la asili. Ukiitoa sensa kwenye bomba la milimita 60 ukaipachika kwenye la milimita 76, njia ya hewa imepanuka kwa asilimia 60 hivi, hewa inapita polepole mbele ya kiwaya, kompyuta inadhani gari linapumua kidogo, inaminya petroli. Ndiyo maana nilishika msumeno nikakata mfuniko wa boksi la hewa la asili, nikatoka na kile kipande cha duara chenye sensa, nikakiunga kwenye bomba langu na kipenyo chake kilekile, mshale wake ukielekea injini. Hapo naomba makofi. Ndiyo sehemu pekee ya kazi hii inayostahili makofi.

(Mmesikia lakini, nilikata mfuniko wa boksi. Msilisahau hilo.)

Bomba lenyewe lilikuwa la plastiki nene, lile la majitaka. Msicheke, jipya. Nikalikata, nikalipiga msasa, nikaunga kona mbili za digrii 45 badala ya moja ya digrii 90 ili hewa isijigonge ukutani, nikatoboa kwa keekee tundu la hozi ya kupumulia injini, nikalipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kwa mbali ungeapa limetoka kiwandani. Kwa karibu ungesoma chini ya rangi maandishi yanayosema ni bomba la choo.

Nikalifunga kwenye bodi ya gari kwa kibamba cha chuma na bolti mbili, limekaza, halitikisiki hata ulipige teke. Nilijivunia sana ule ugumu. Upande wa throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, nikaliunga kwa kipande cha mpira wa silikoni na klempu mbili. Mpira ukakataa kuingia. Nikasukuma, nikatukana kimoyomoyo, mwisho nikapaka grisi kidogo. Ukaingia wenyewe, laini, kwa kidole. Nikamwita jamaa aje aone fundi anavyofanya kazi. Wale mliopitia gereji mmeshaanza kucheka, nawaona.

Na bomba la asili? Lile lina vikunjo katikati, sehemu ya mpira inayonesanesa. Nikalishika juu, nikamwonyesha jamaa, nikamwambia kwa sauti ya mhadhiri: "Ona ujinga huu. Hewa ikifika hapa inajikwaa kwenye vikunjo. Hawa watu walikuwa wanafikiria nini?" Naye amelirekodi hilo pia. Anasema analiweka akiba.

Nikawasha. Wadau, ile sauti! Boksi la asili lina vyumba vya kumeza kelele, ukiliondoa unasikia injini inavyovuta pumzi yenyewe. Nikiwa kwenye P, gia ya kuegesha, nikapiga resi, mbwa wa jirani wakajibu. Kama nguvu iliongezeka? Kwa injini isiyo na turbo na kompyuta ambayo haijaguswa, nawaambia kweli, gari liliongeza kasi masikioni mwangu tu. Lakini masikio ndiyo niliyokuwa nikiyatengenezea.

Kumbukeni: resi zote nilizipigia kwenye P. Gari limesimama.

Tukatoka. Mjomba wangu alikuwa anaomba lifti, nikamkaribisha kiti cha nyuma kwa mbwembwe zote. Mitaa ya kwetu ina matuta, kwa hiyo mpaka barabara kuu nilikwenda kwa kunyata, mguu juu juu. Redio ilikuwa imewashwa lakini hakuna aliyekuwa anaisikia. Mjomba akauliza kwa upole, "Mpwa, sailensa imetoboka?" Nikamwambia, "Hapana mjomba, hiyo ni hewa inaingia." Akasema, "Basi inaingia kwa hasira."

Tukafika kwenye taa. Nyekundu. Mimi wa kwanza mstarini. Pembeni yangu likaja kusimama gari la mafunzo ya udereva, L kubwa mbele na nyuma, dada mdogo kashika usukani kwa mikono miwili, shingo mbele, hapepesi macho. Mwalimu wake kashusha kioo. Mtu mwenye akili zake angetazama mbele akasubiri taa. Mimi nikaweka N, gia huru, nikapiga resi.

Ndiyo. Nilimtambia mwanafunzi wa udereva.

Bomba likaguna. Mwalimu akageuka kunitazama. Nikaona ananikubali, nikapiga nyingine, ndefu zaidi. Akamwambia mwanafunzi wake neno, yule dada akatikisa kichwa bila kugeuka. Jamaa akatoa simu. Video yenu inaanzia hapo, ndiyo maana hamuoni kazi nzuri ya sensa.

Kijani.

Nikavuta gia kwenye D, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Sasa twende polepole, maana jambo lenyewe halikuchukua muda wa kupiga chafya na mimi nimelirudia kichwani usiku kucha.

Injini ikaitika. Pua ya gari ikainuka. Kwa pembe ya jicho nikamwona yule dada bado anahangaika na gia, nikatabasamu. Lile tabasamu limo kwenye video. Mnaweza kuisimamisha mkalitazama, ndugu zangu wote wameshafanya hivyo. Nikiwa bado na meno nje, ndani ya boneti kikalia kitu: *pwa*. Kidogo tu, cha adabu. Guno likageuka mluzi, mluzi ukawa pumzi, pumzi ikakata. Taa za dashibodi zikawaka kwa pamoja, ya injini, ya betri, ya oili. Usukani ukawa mzito. Gari likajikokota kwa nguvu iliyobaki, likavuka mstari mweupe, likasimama pua ikiwa katikati ya makutano, mahali ambapo kila gari kutoka kila upande linalazimika kukuona.

Mguu wangu bado umekanyaga mafuta hadi chini. Hakuna kinachotokea. Nikauinua, nikaukanyaga tena, nadhani kwa heshima.

Kimya. Na katika kimya kile redio ikasikika safi kabisa, mtangazaji anasoma utabiri wa hali ya hewa.

"Aah," mjomba akasema kutoka nyuma. "Afadhali umezima. Sasa tunasikia."

Pembeni yangu yule dada akaingiza gia, akaachia klachi, akaondoka. Hakutetereka. Hakuzimikiwa. Aliondoka kama maji ya mtungi. Walipokuwa wanatupita, mwalimu akatoa kichwa dirishani, kwa huruma ya kweli, akaniambia: "Kaka, klachi iachie taratibu."

Gari langu ni otomatiki. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona nikimweleza ndio naharibu zaidi.

Nikashuka nikafungua boneti. Throto imebaki mdomo wazi. Mpira wa silikoni umeteleza kwenye grisi yangu, unaning'inia pembeni, klempu bado zimekaza sawasawa, zimeshikilia hewa. Bomba langu la choo liko palepale nilipolifunga, halijasogea hata nywele. Na hiyo ndiyo siri ya tukio zima. Injini haijafungwa kwenye gari chuma kwa chuma, imekalia raba, na ukiikanyagia mafuta gari likiwa kwenye gia inajipindua kidogo kwenye raba zake. Kwenye P haijipindui namna hiyo, kwa kuwa haisukumi kitu. Vile vikunjo nilivyovicheka vipo kwa kazi hiyo: injini icheze, bomba licheze nayo, muungano usiachie. Mimi niliweka upande mmoja unaocheza, upande mmoja usiotikisika hata kwa teke, na katikati grisi. Tena bomba la plastiki nilikuwa nimelikata likawa laini, halina ule ukingo ulioinuka unaozuia mpira usiteleze kupita klempu.

Kwa nini lilizima badala ya kupiga kelele tu? Kwa sababu ya sensa yangu ya makofi. Hewa ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye throto, wakati sensa iko upande wa pili wa bomba lililoachana na injini, inaripoti kwamba hakuna kinachopita. Kompyuta ikaamini, ikakata petroli. Gari lenye mfumo wa MAP, unaosoma mgandamizo ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa, lingeendelea kuunguruma bila bomba lolote. Jamaa ana gari la MAP. Amenikumbusha hilo sana.

Honi zilikuwa zinapigwa kutoka nyuma, zile ndefu za mtu aliyelalia usukani. Tukasukuma hadi pembeni, mimi, mjomba, na kijana mmoja wa pikipiki. Jamaa alikuwa anarekodi, anasema mtu lazima aweke kumbukumbu. Nikaweka pembetatu ya tahadhari, nikaanza kufuta grisi kwa fulana yangu niliyovaa, kwa kuwa kitambaa nilikisahau nyumbani kwenye benchi la kazi.

Kumbe magari ya mafunzo huzungushwa njia ileile. Nikiwa nimeinama ndani ya boneti, kifua wazi, nikasikia gari linapunguza mwendo, na sauti ya yule mwalimu, safari hii haongei na mimi kabisa: "Haya, mbele kuna gari bovu. Unafanya nini?"

"Naangalia kioo," yule dada akajibu. "Nawasha indiketa. Napita kwa nafasi."

"Vizuri. Na ile pembetatu ameiweka karibu mno. Umeona?"

"Nimeona."

Nikaenda kuisogeza.

Mengine si ya kusimulia sana. Nilirudisha mpira, nikakaza, tukaondoka, ukachomoka kwenye kilima. Nikaurudisha tena, tukaenda kwa kunyata mguu juu juu hadi alikokuwa anakwenda mjomba, waenda kwa miguu wakitupita. Mjomba akashuka, akashukuru, akasema kurudi atajua mwenyewe. Nyumbani nikachomeka mashine ya kusomea kodi za hitilafu za gari, ikanipa P0171, hewa nyingi petroli kidogo, maana hata kabla ya kuchomoka muungano ule ulikuwa unavuta hewa ya wizi, isiyopita kwenye sensa. Nikaliokota bomba la vikunjo kwenye kona ya banda, nikalifuta vumbi, nikaliunga kwenye throto. Likaingia bila grisi. Upande wa pili halina pa kuingia, kwa sababu mfuniko wa boksi niliukata kwa msumeno, mnakumbuka. Kwa sasa linapumua kupitia kile kipande cha sensa na filta ya koni, vimeshikwa kwa waya na imani, na usiku naliendesha redio ikiwa juu.

Kwa hiyo natafuta mfuniko wa boksi la hewa wa sedani ya lita 1.5, uliotumika si tatizo, mradi tundu la sensa liwe zima na klipu zake zote nne ziwepo. Mwenye nao asimpe jamaa, anipe mimi. Bomba jeusi nalitoa bure. Kona moja imelegea kidogo kwa joto, plastiki ile huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi na chini ya boneti hakuna baridi, lakini kwa kazi yake ya mwanzo bado linafaa kabisa.